Mkono Chini ya Shali

Hodan, aabo,

Assalamu alaikum, ingawa tumeachana asubuhi hii tu, na alasiri nitakukuta nyumbani ukipigana na zipu ya lile begi. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha mashine hospitalini. Mkono wa kushoto umefungwa mirija, wa kulia uko huru. Sista Mwende ameniazima kalamu na ubao wa kuandikia, akaniuliza kama naandika wasia. Nikamwambia ningekuwa naandika wasia ningemwita kadhi, si yeye. Amecheka, akaenda kumwangalia mgonjwa mwingine. Damu yangu itazunguka humu mpaka karibu adhuhuri na mimi sina pa kwenda, kwa hiyo vumilia, barua itakuwa ndefu.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Kisomali nakiongea, nagombana nacho, nauzia ngamia nacho, ndicho tunachoitania aabo, baba, wewe na mimi, ila kukiweka kwenye karatasi sikuwahi kujifunza. Na hicho Kiswahili chenyewe, kwa mdomo bado nasema "bolebole" na wewe na mama yako mnashika mbavu. Kwa kalamu angalau herufi zinanitii.

Mambo ya sweta, ya baridi ya Eldoret, ya kuswali kwa wakati na ya kutomwazima kila mtu chaja ya simu, mama yako ameyamaliza wiki nzima. Sina la kuongeza hapo. Nataka kurudi kwenye swali ulilouliza leo alfajiri ulipokuwa umeinama unanifunga kamba za viatu. "Aabo, niambie kweli. Umepona?" Nikakujibu, "Alhamdulillahi," kama ninavyowajibu wageni. Ukamaliza kamba, ukasimama. Mkono wangu ulikuwa pale juu ya goti na hukuugusa.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako kwamba ukipata habari nimelazwa tena, utarudi, na ukirudi hutaondoka tena Garissa. Mwaka jana ulikwenda chuoni ukarudi, ukapoteza mwaka mzima. Ukirudi safari hii, nafasi yako atapewa mwingine, na watu wetu wataendelea kupigania ardhi ambayo hakuna aliyewahi kuipima, maana mwanangu anayesomea upimaji ataketi kwangu akihesabu vikombe vya maji ninavyokunywa. Mwaka ule wa kwanza nilikupotezea mimi, kwa njia ambayo huijui. Leo utaijua.

Unakumbuka ulivyokuwa huna meno ya mbele, nikikupeleka soko la mifugo siku ya soko? Mama yako alikuwa hataki, vumbi na matusi. Wewe ulitaka. Ulikaa miguuni pangu ukitazama madalali wakipeana mikono. Ukaniuliza kwa nini wale wazee wanashikana mikono muda mrefu hivyo na kuificha. Nikakueleza kwamba masikio ya soko ni mengi, basi anayeuza na anayenunua hawatajiani bei. Dalali hutupa ncha ya shali yake juu ya mikono yao miwili, na huko chini vidole ndivyo vinavyozungumza. Kidole kimoja kikibanwa kina maana yake, viwili vina yao, kiganja kizima kina yake. Wakati huo midomo inaruhusiwa kusema chochote. Inalalamika, inaapa kwamba huyu ngamia ni mifupa mitupu, inaulizana habari za mvua Wajir. Dalali akidanganya kwa mdomo watu wanacheka, wanasema ndiyo kazi yake. Akidanganya kwa mkono, chini ya shali, amekwisha. Hapati tena mtu wa kumpa mkono, na mwanawe akija kushika kazi ile ataulizwa ni mtoto wa nani.

Ulijifunza haraka kuliko vijana niliowalipa. Ilifika wakati hukubali biskuti bila kwanza kuibana bei yake chini ya shali yangu.

Kisha figo zikanigoma. Unajua jinsi watu wetu wanavyozuru mgonjwa. Hakuna aliyepita Garissa bila kuja kuketi kitandani kwangu, awe ametoka Mandera au Lafey, awe ananijua au alimjua tu babu yangu. Kila mmoja anauliza, umepona? Na mgonjwa wa kwetu hana ruhusa ya kusema hapana, ni kama kumlalamikia Mungu mbele ya watu. Unasema alhamdulillahi, nimepona, hata kama unaona wageni wawiliwawili. Mlango mzima ulikuwa umejaa siku ile mkono wako mdogo ulipoingia chini ya shuka na kutafuta wangu. Ulikuwa unawapitishia wageni chai kwa mkono wa pili. Ndipo tukaanza soko letu wenyewe. Kidole kimoja, niko sawa. Viwili, naumwa lakini nipo. Mkono mzima, mwite daktari. Mdomo wangu ukawapa wageni wanachokitaka, na vidole vikakupa wewe ukweli. Mara moja nilikubana mkono mzima nikiwa ninacheka na imamu, na ukaenda ukamleta daktari, na imamu hadi leo hajui kilichotokea.

Sasa nifike kwa adeer yako Adan. Ndugu yangu ni mtu mwema, nataka uanze hapo. Alitoka Mandera njia nzima na mzee mmoja wa kuchoma wagonjwa, yule mwenye chuma cha moto, kwa sababu alikuwa amechoka kuniona nimefungwa kwenye mashine kama mbuzi wa kuuzwa. Sisi tunasema maradhi na moto havikai nyumba moja. Mimi mwenyewe nimewachoma ngamia wengi mabega na magoti, na wakatembea. Babangu alichomwa mgongo akaishi miaka mingi baada yake. Kwa hiyo usifikiri nilishikwa kwa nguvu. Nilivua shati mwenyewe. Alama zile za kiunoni unazijua, wewe ndiye uliyezipaka mafuta.

Baada ya moto nilijisikia mwepesi. Sijui ni kwa nini, labda mtu akishachomwa maumivu mengine yanaona haya. Siku ya mashine ikafika sikwenda. Nikalala vizuri. Siku nyingine ikafika, sikwenda. Na Adan, kwa furaha, akachinja ndama dume wa ngamia kutoka kundi lake mwenyewe, akamwita sheikh, akawaita watu wa mtaa mzima, akasimama mbele ya sahani za wali akasema ndugu yake amepona kabisa kwa uwezo wa Mungu. Watu wakaitikia amin. Wakala.

Hapo ndipo kosa lilipo, Hodan, na si kwenye chuma. Mtu aliyekula nyama ya kupona kwako, utapita vipi mbele ya duka lake kesho yake ukielekea hospitali? Ungekuwa umeirudisha nyuma dua ya sheikh, umemwaibisha ndugu yako, na ndama ameshaliwa. Miguu yangu ilikuwa imevimba siku ile ile ya karamu. Niliificha ndani ya soksi nene, kwenye joto la Garissa, na hakuna aliyeuliza. Pumzi ilikuwa inaishia kooni. Shuleni nilijibu swali la methali nikapata alama zote: mficha maradhi kilio humfichua. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa. Hakuniuliza kama ningeifuata.

Ukaja kuninawisha mikono. Ulikuwa na birika na bakuli, na safari yako ya chuo ilikuwa kesho yake. Ulipiga magoti, ukaliweka birika chini, ukapitisha mkono chini ya shali yangu. Nikakubana kidole kimoja.

Ulinitazama usoni muda mrefu kidogo. Kisha ukatabasamu, ukaondoka na birika lako, na asubuhi ukapanda basi.

Yaliyofuata uliambiwa. Mama yako alinikuta kwenye msala siwezi kuinuka wala kuvuta pumzi, wakanipakia tuk-tuk, nikaamka nimefungwa mirija tena. Ulirudi kwa basi lile lile, nadhani, hata viatu hukuvua. Jioni moja mlifikiri nimelala. Nikakusikia ukimwambia mama yako, "Mimi ndiye niliyekosea. Nilisoma vibaya mkono wa aabo." Nilikuwa macho. Nilisikia kila neno, nikafumba macho vizuri zaidi. Tangu siku hiyo hukuleta tena mkono wako chini ya shuka, nami nikakuacha uamini hivyo mwaka mzima.

Hukukosea. Ulisoma sawasawa. Mkono ndio uliodanganya.

Nimejaribu kujipa sababu nzuri. Nilitaka uende chuoni, nikajua ukisoma mkono mzima hutakwenda. Hiyo ni kweli, lakini ni kweli ya kupeleka mbele ya watu. Kweli ya chini ya shali ni kwamba niliogopa. Niliogopa sana. Watu wote pale walikuwa wanasema nimepona, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijaamini. Nikaona kama na wewe utaamini, wewe usiyedanganyika, labda nami nitaazima kwako kidogo. Niliuza imani yako ili nilale usiku mmoja. Nisamehe, aabo. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mashine imelia kidogo hapa, Sista Mwende amekuja kugeuza kitu na kuondoka. Ananiambia presha yangu imeshuka kwa sababu nafikiri sana. Nimemwambia naandika tu.

Kiti cha jirani yangu leo kina kijana wa Balambala, hanyanyui macho kwenye simu. Zamani kilikuwa cha Mzee Komora, mkulima wa nyanya kutoka kando ya mto. Ulimpenda kwa sababu alikuwa anakuchokoza akikuuliza ngamia mmoja anabadilishwa kwa nyanya ngapi. Nilipoletwa hapa baada ya ile karamu, nimevimba mpaka macho, yeye ndiye pekee ambaye hakuniuliza kama nimepona. Aliniuliza, "Ulikuwa wapi? Mashine ilikuwa inakutafuta." Halafu akanieleza habari za pampu yake ya maji iliyoharibika, saa nzima, kana kwamba sisi ni watu wawili tuliokutana kwenye duka la vipuri. Sikumbuki dawa niliyopewa siku hiyo. Pampu ile naikumbuka hadi jina la fundi. Mzee Komora alikufa baada ya Ramadhani, na wiki moja kabla alikuwa bado anaiuza hiyo pampu. Alikuwa amepona au hakuwa amepona? Nimejiuliza hivyo mara nyingi kwenye kiti hiki. Najua tu kwamba ugonjwa ulimpata akiwa ana shughuli nyingine.

Ayeeyo yako, mamangu, alikuwa na ngamia jike mwenye dhukaan. Ni ugonjwa wa damu unaoletwa na nzi wakali, mnyama anakonda, anapata nafuu, anakonda tena, na wachungaji wanaujua kwa kunusa mkojo. Babangu alitaka auzwe kabla watu hawajajua. Ayeeyo akakataa. Hakumwita mzima, hakumwita mgonjwa. Akikonda hakumbebesha mizigo. Akinenepa alimbebesha kidogo. Maziwa yake tuliyanywa, na ndama wake walizaliwa, na tukihama ndiye aliyetangulia msafara kwa sababu ndiye aliyeijua njia ya kisima. Nilikuwa mtoto na nilidhani ayeeyo hajui kwamba yule ngamia anaumwa. Nilimwambia, kama mtoto anayejua kila kitu. Akasema, "Najua. Anaumwa, na leo tunamkamua." Akanipa chombo nishike.

Nimekuwa mtu mzima, nimeuza mamia ya ngamia, na sikulikumbuka neno hilo mpaka nilipolala chali hapa.

Nilipotoka hospitali mara ile, Adan alikuja kuniona. Hakuingia ndani, alikaa kwenye mkeka wa uani akichora mchanga kwa kijiti. Alikuwa analia bila sauti, mtu mzima yule. Alinieleza kwamba anaona haya kwa sheikh, kwa watu, kwangu mimi, na mwishowe akauliza, "Sasa tuwaambie watu nini?" Nikamwambia, "Waambie naumwa na nauza ngamia." Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Lakini siku ya soko alikuja akanichukua kwa tuk-tuk, na mkono wangu wa kushoto una bendeji, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu kusimama siwezi tena. Aliyekuwa ananiuliza kama nimepona nilimjibu, hapana, nasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na huyu dume mweupe ana meno yote. Wengine waliona haya kwa niaba yangu. Mmoja akaletewa chai, akanisukumia na mimi kikombe, nikamwambia siruhusiwi maji mengi, nitakishika tu. Nilikishika mpaka kikapoa. Kisha nikatupa shali juu ya mikono ya watu wawili, nikasikia vidole vyao vikizungumza, na nakwambia, mpaka mwadhini alipoadhini sikuwa nimekumbuka figo zangu hata mara moja.

Basi swali lako. Shifaa ni ya Mungu, na akitaka kunipa figo mpya asubuhi sitamuuliza kwa nini amechelewa. Duaa sijaacha. Lakini kupona kule nilikokuwa nakungoja, kurudi kuwa yule mtu aliyekuwa anatembea nyuma ya ngamia kutoka Wajir akinywa maji wakati anapotaka, hakuji. Nimeacha kukaa mlangoni kungoja kupona huko, na nyumba imekuwa na nafasi zaidi. Nilichonacho ni kwamba naweza kumwambia mtu ninavyojisikia na yeye akaendelea na mazungumzo. Hicho nakiita kupona, kwa kuwa sina jina jingine. Kinapungua na kuongezeka. Wiki iliyopita kilipungua sana, na mama yako alijua, nawe ulijua. Bado kitu kimoja kimebaki kibaya kwenye mwili wangu, na hakuna mashine ya kukisafisha. Ni kwamba mwanangu hauamini mkono wangu.

Usiende chuoni kwa sababu nimepona. Ukienda kwa sababu hiyo utarudi siku ya kwanza nitakapoumwa, na nitaumwa, hilo halina shaka. Nenda wakati naumwa. Siwezi kukuahidi kwamba utanikuta. Mzee Komora naye alikuwa amenunua mbegu za msimu ambao hakuufikia. Ukiwa huku au huko, hilo haliko mikononi mwako, na wala haliko kwenye vidole ulivyovisoma au usivyovisoma. Nitakaa bila wewe na nitaona upweke mkubwa, hasa asubuhi za viatu. Mama yako hajui kufunga kamba, anazikaza kama anafunga mzigo juu ya ngamia.

Simu haina shali, kwa hiyo nimefikiria. Ukipiga, kabla ya salamu, kabla ya habari za huko, nitakutajia namba. Moja, mbili, au nitasema mkono. Baada ya hapo tutaongea mengine. Mama yako akikwambia namba tofauti, mwamini mama yako.

Sista ameanza kunifungua mirija. Barua hii nitakupa kesho ukiwa umeshapanda basi, maana ukiisoma kabla utaanza kulia mbele ya watu, na mimi nitaanza kusema alhamdulillahi. Lakini kabla hujapanda, tutakuwa tumesimama pale stendi na adeer yako na majirani wote, na kila mtu atakuwa anakwambia usijali, babako amepona. Nami nitawaitikia kwa mdomo, nimezoea. Wakati huo huo nitakuwa nimeiachia shali ining'inie upande wako, nitaipandisha kidogo, na nitangoja. Pengine hutaleta mkono. Ni haki yako, na ndio maana barua hii nitakuwa nayo mfukoni.

Ukiuleta, nitakubana vidole viwili. Ni viwili kweli, Hodan. Vihesabu, halafu upande basi.

Aabo wako,
Yusuf